Nyanya Anayekimbia Usiku: Uchawi, Ukoo na Kicheko katika Riwaya ya Vijana, Bungoma na Kitale

Utangulizi

Riwaya ya Kiswahili inayosomwa na vijana wa Kenya imejaa watu wa ukoo mmoja waliotengana. Maimuna wa Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed anatoka katika nyumba iliyovunjwa na ukali wa baba. Kongowea wa Siku Njema (1996) ya Ken Walibora ni mtoto wa Tanga anayevuka mpaka kumtafuta babake. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei jamaa wanatawanywa na ghasia za baada ya uchaguzi. Ukoo, basi, ndio uwanja mkuu wa utanzu huu, na ni ukoo unaolia zaidi ya kucheka. Hata hivyo, liko jambo moja ambalo koo hizohizo, nje ya kitabu, hulizungumza kila msiba unapotokea na kila posa inapoletwa, nalo ni uchawi. Riwayani jambo hilo huguswa kwa kupita tu, na likiguswa hukemewa. Riwaya nyepesi ya kuchekesha, ambamo kijana anagundua kwamba nyanya yake ni mchawi na bado chakula cha jioni kinapakuliwa, haijapata nafasi katika orodha za vitabu vinavyotahiniwa.

Kwingineko aina hii ina makao yake. Uingereza ilimpa Roald Dahl wasomaji wengi kwa The Witches (1983), kisa cha mvulana na nyanya yake wanaokabiliana na wachawi. Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alitoa Akata Witch mwaka 2011, na toleo lake la Nigeria likafuata mwaka 2013 kwa jina What Sunny Saw in the Flames. Humo uchawi ni kipawa, ni masomo, na ni siri ya nyumbani pia.

Makala haya yananuia kueleza kihistoria kwa nini mhusika wa namna hiyo ameikosa riwaya ya vijana ya Kiswahili nchini Kenya. Tumejifunga na sehemu moja, Bungoma na Kitale, kwa sababu mbili. Kwanza, ndiko alikozaliwa na kukulia Walibora, mtunzi aliyesomwa sana na vijana wa Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini hadi kifo chake mwezi Aprili 2020, na baada yake. Pili, na hili ndilo linalotushughulisha, watu wa sehemu hii huwacheka baadhi ya wachawi wao, tena kwa furaha. Kicheko kipo, na watunzi wapo. Kilichokosekana, kwa maoni yetu, ni jina la Kiswahili la kumwita yule anayechekwa, na jina hilo lina historia yake.

Majina ya mchawi

Lubukusu, lugha ya wenyeji wengi wa Bungoma, humwita mchawi omulosi, kwa wingi balosi. Neno hili ni ndugu wa damu wa maneno ya Kiswahili kuloga na mlozi, na vilevile wa mũrogi wa Kikikuyu. Mzizi wake ni wa kale na umeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Omulosi ni mtu wa kuogopwa. Kazi yake ni kudhuru: kuua, kugumba, kuharibu mazao. Aghalabu hatoki mbali. Anatuhumiwa shemeji, mke mwenza, ami, mama mkwe. Mtu ambaye ameketi nanyi na anajua majina ya watoto wenu.

Lakini Lubukusu pia linamjua omubini, kwa wingi babini. Huyu ndiye anayetoka usiku akiwa uchi, akakimbia kijijini, akarusha changarawe juu ya mapaa, akagonga milango kwa makalio, akakohoa nyuma ya nyumba, kisha akarudi kwake kabla ya jogoo kuwika. Asubuhi hukutana nawe njiani na kukuamkia kwa adabu zote. Haui. Anasumbua, anatisha, anawanyima watu usingizi. Na akikamatwa adhabu yake kubwa ni fedheha. Inaaminika kwamba hali hiyo hurithiwa, kwamba mtu hushikwa na hamu ya kukimbia bila kuitaka, na kwamba akizuiwa huugua. Kwa hiyo posa zikiletwa, wazee huulizia kimyakimya kama katika ukoo ule kuna wanaokimbia. Wajaluo, majirani wa kusini, wana jajuok wao, na mizaha juu yake ni mingi vilevile.

Günter Wagner, Mjerumani aliyefanya utafiti wake magharibi mwa Kenya katikati ya miaka ya thelathini na ambaye kitabu chake kuhusu Wabantu wa North Kavirondo kilianza kutolewa mwaka 1949, alitambua kwamba Waluhya hawana mchawi mmoja. Alitofautisha aina kadhaa za watu wenye nguvu hizo kwa Walogoli na kwa Wabukusu, na akaonyesha kwamba hofu wanayotiwa watu haina uzito mmoja. Mtu anaweza kuutilia shaka mtazamo wake wa kikoloni, lakini kwa jambo hili alisikiliza vizuri kuliko wengi waliomfuata.

Tukigeukia Kiswahili, tunakuta kwamba lugha yenyewe haikuwa maskini. Pwani kuna kitenzi kuwanga, yaani kufanya uchawi usiku, na anayewanga ni mwanga, kwa wingi wanga. Picha ya mwanga katika masimulizi ya pwani, mtu aliye uchi usiku wa manane katika ua wa jirani, iko karibu mno na ile ya omubini. Tafsiri ilikuwa tayari. Bahati mbaya neno hilo lilipopanda bara lilikuta nafasi zake zimekwisha kukaliwa. Wanga ni jina la Waluhya wa Mumias, ambao ufalme wao uliwapokea wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani katika karne ya 19. Wanga, kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, ni kile kilicho ndani ya mahindi na viazi. Na mwanga, kwa kila mtu, ni nuru. Mtunzi wa Bungoma anayeandika kwamba nyanya yake ni mwanga atakuwa amemsifu bila kukusudia. Hivyo wazungumzaji wa Kiswahili wa magharibi mwa Kenya wamezoea ama kulikopa jina la Kiingereza lenye maana ya mkimbiaji wa usiku, ama kumwita kwa neno lililobaki: mchawi. Neno mchawi halichekeshi. Limebeba maiti.

Fanani na mtuhumiwa

Kabla ya kufika shuleni inafaa tutazame mahali ambapo mtoto wa Kibukusu alijifunzia kucheka na kuogopa kwa wakati mmoja, yaani nyumbani mwa kukhu, nyanya yake. Huko ndiko ngano zilikotambwa usiku, na mhusika aliyetawala ngano hizo ni zimwi, ambalo Waluhya huliita linani. Zimwi hili ni jinga ajabu. Linakula watu, ndiyo, lakini linadanganyika kwa wimbo, kwa jiwe lililofungwa katika majani, kwa msichana aliyejifanya mgonjwa. Mara nyingi mwishoni hukatwa kidole na wote waliomezwa hutoka hai pamoja na ng'ombe wao. Wahakiki wetu wamezoea kulichambua zimwi kama ishara ya uovu au ya adui wa nje. Uchambuzi huo si mbaya, ila unasahau kwamba watoto hucheka.

Wanacheka kwa ruhusa. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, na Wabukusu wamo, baina ya mjukuu na nyanya au babu kuna utani. Mjukuu anaweza kumwita kukhu mke mwenzake au mchumba wake, anaweza kumkebehi meno yaliyong'oka, na yeye akajibu kwa tusi zito zaidi na watu wakafurahi. Utani huo hauwezekani baina ya mama mkwe na mkwewe wa kiume, ambao kwa desturi hukwepana na hawapeani hata mkono. Maana yake ni kwamba uhusiano wa kijamaa ndio unaoamua nani amcheke nani. Kisa kimoja cha mwanamke mzee aliyeonekana nje usiku kinaweza kusimuliwa kama kichekesho na mjukuu, kama aibu na mwanawe, na kama mashtaka na mkaza mwana.

Hapa pana kinaya ambacho fasihi ya vijana ingeweza kukitumia kwa miaka mingi. Mwanamke mzee ndiye fanani wa ngano za zimwi. Na mwanamke mzee, hasa mjane anayeishi peke yake, ndiye mtu anayetajwa kwanza uchawi unapotafutiwa mwenyewe. Mtoto aliyelala miguuni pake akicheka zimwi lililokatwa kidole hukua na kusikia, kwa minong'ono ya watu wazima, kwamba zimwi ni yeye.

Misheni, sheria, shule

Wamisionari wa Marafiki, yaani Wakweka kutoka Marekani, walifika Kaimosi mwaka 1902, na katika miongo iliyofuata mafundisho yao yakaenea kaskazini hadi Bungoma. Wakatoliki nao walijenga misheni zao. Kwa Mkristo mpya tofauti ya omulosi na omubini haikuwa na maana kubwa: wote wawili walikuwa watu wa giza. Haitoshi kusema kwamba wamisionari hawakuwa na maneno. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotolewa kamili mwaka 1952, katika sura ya 18 ya Kumbukumbu la Torati inataja mafundi wa aina kadhaa, kila mmoja kwa jina lake. Lakini inawataja katika orodha moja ya makatazo. Ndivyo ilivyokuwa mimbarini pia. Majina yalihifadhiwa, hukumu ikawa moja.

Sheria ya kikoloni ilikwenda mbali zaidi. Amri ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa kwanza mwaka 1909 na kupata umbo lake la kudumu mwaka 1925, haielezi uchawi ni nini. Inamwadhibu anayejidai kuwa na uwezo huo ili kutia watu hofu, na papo hapo inamwadhibu anayemshtaki mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa kama shtaka amelipeleka kwa mkuu wa wilaya, polisi, chifu au mtu mwingine mwenye mamlaka. Serikali iliyodai kutoamini uchawi ikajitwalia peke yake haki ya kuusikiliza. Matokeo ya mkanganyo huo yalionekana mwaka 1932, wanaume wengi wa Kikamba walipohukumiwa kifo kwa kumwua mwanamke waliyemwona mchawi, adhabu ambazo baadaye zilipunguzwa. Kwa Bungoma kulikuwa na sababu ya ziada ya kuogopa maneno. Elijah Masinde wa Kimilili na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa, waliotaka kurudishwa kwa ibada za mababu na kuondoka kwa wazungu, walipambana na polisi Malakisi mwezi Februari 1948 na dini yao ikapigwa marufuku mwaka huohuo. Neno msambwa, ambalo katika Lubukusu linahusu roho za mababu na vipawa vinavyorithishwa katika ukoo, likawa neno la jinai. Tusisahau kwamba kukimbia usiku nako kulieleweka kuwa jambo la kurithi. Msamiati mzima ambao kwao ukoo ulieleza tabia zake, njema na za ajabu, ulitiwa katika jalada la polisi.

Shule ndiyo iliyoikamilisha kazi hiyo, kwa nia njema. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa hadi kidato cha nne. Bila uamuzi huo riwaya ya Kiswahili ya Kenya isingepata soko lolote la haja, na sisi wahakiki tusingekuwa na cha kuhakiki. Lakini soko hilo lilikuja na msomaji wa kwanza asiye kijana, yaani mwalimu na jopo la uteuzi, na msomaji huyo alihitaji dhamira, maudhui na funzo. Kitabu chenye kichekesho kisichomalizikia katika funzo hakikuwa na pa kupita. Hali ya wakati ilizidisha tahadhari. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na mwaka 1999 ripoti yake ilipelekwa Bungeni. Shule zilikuwa miongoni mwa mahali palipotiliwa shaka. Siku Njema ilitoka katikati ya miaka hiyo mitano. Hatudai kwamba Walibora aliiacha mada ya uchawi kwa sababu ya tume. Tunasema tu kwamba mchapishaji yeyote wa wakati ule mwenye akili timamu asingeuza kwa shule za bweni riwaya ya nyanya mchawi anayependeza.

Upande wa Kitale

Kitale si Bungoma, ingawa mwendo wa gari baina ya miji hiyo miwili si mrefu. Trans Nzoia iligawiwa walowezi wa kizungu, wengi wao wanajeshi wa zamani, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, Waturkana na wengineo walikwenda huko kama vibarua na maskwota, na baada ya uhuru wakaja wanunuzi wa mashamba kutoka kila pembe ya nchi. Kijiji cha aina hiyo kina majirani wengi na jamaa wachache. Omulosi wa Bungoma alikuwa mtu wa ukoo. Jirani wa Kitale hana ukoo unaojulikana, na Kiswahili ndicho kinachomwezesha kuongea na wenzake.

Kwa mtazamo wa fasihi hii ingekuwa neema. Mizaha ya wakimbiaji wa usiku inaposimuliwa Kitale husimuliwa kwa Kiswahili, kwa sababu msikilizaji mmoja ni Mkikuyu na mwingine Mnandi. Kila mmoja ana mchawi wake wa kuchangia. Kichekesho kilichozaliwa katika lugha za mama kilikuwa kimekwisha kufanyiwa tafsiri na watu wa kawaida, sokoni na garini, bila msaada wa mtaalamu yeyote.

Walibora aliijua Kitale hii. Ni muhimu kwamba safari ya Kongowea, kutoka mji wa pwani wenye sifa ya Kiswahili safi, inaelekea huko. Kongowea, ambaye hata ukoo wake ni Mswahili, anaipeleka lugha bara na huko bara anakuta baba. Mama, mwimbaji wa taarabu, amebaki pwani katika kumbukumbu. Ukitazama mpangilio huo utaona kwamba riwaya hii imefanya hasa kile tulichosema hakikufanyika kwa neno mwanga: imeipandisha pwani hadi Trans Nzoia na kuifunga kwa undugu. Imefanya hivyo kwa njia ya ukoo, na uchawi ukaachwa njiani. Miaka saba baadaye, katika Kufa Kuzikana (2003), mtunzi huyohuyo alishughulikia uhasama wa kikabila unaovunja urafiki na ujirani. Si vigumu kuelewa. Mapigano ya miaka ya tisini yalikuwa yameiunguza Trans Nzoia na Mlima Elgon. Jirani alikuwa amekwisha kupata jina jingine baya kuliko mchawi, na jina hilo lilikuwa kabila lake. Mtunzi aliyetoka huko alikuwa na jambo zito zaidi la kusema. Kicheko kiliahirishwa, na kwa mara hii hatuwezi kumlaumu mtu.

Kicheko cha mbali na kicheko cha karibu

Inaweza kudaiwa kwamba tunachotamani hakifai kabisa. Mwezi Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto huko Kisii kwa tuhuma za uchawi. Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma hizohizo, mara nyingi pakiwa na mgogoro wa shamba nyuma yake. Je, ni haki kuwafanyia vijana mzaha katika nchi yenye habari kama hizo? Pingamizi hili ni la maana, na linatulazimu kutofautisha vicheko.

Kicheko cha Dahl ni cha mbali. Mtu wa mwisho kuuawa kwa sheria kwa kosa la uchawi katika Uingereza na Uskoti alikuwa Janet Horne, Uskoti, mwaka 1727, na sheria ya 1735 ikayaondoa mashtaka ya aina hiyo mahakamani. Dahl aliandika zaidi ya miaka 250 baadaye, wakati msomaji wake hakuwa na jirani wa kumtazama kwa jicho la wasiwasi. Ndiyo maana aliweza kuchezea wazo kwamba wachawi hufanana na wanawake wa kawaida na kwamba yeyote aweza kuwa mmoja wao. Wazo hilo likitafsiriwa kwa Kiswahili na kusomwa Kisii halichekeshi. Ndiyo mantiki ileile ya umati wenye petroli. Tungependa wale wanaopendekeza tafsiri za vitabu vya namna hiyo kwa shule zetu walifikirie jambo hili kuliko wanavyoufikiria urahisi wa msamiati.

Kicheko cha omubini ni cha karibu. Anayechekwa anajulikana kwa jina, ana mji wake, na kesho atakuja kuazima chumvi. Anachekwa kwa sababu watu wamekubaliana kwamba haui. Mzaha wenyewe ni namna ya kumbakiza kijijini: ukimcheka mtu hadharani umekiri kwamba ataendelea kuwapo. Jina likiondolewa, yaani omubini akiitwa mchawi tu pamoja na balosi wote, ulinzi huo nao huondoka. Hapo ndipo tunapotofautiana na riwaya ya kuelimisha, ambayo humwambia kijana ama kwamba wachawi hawapo, jambo ambalo shangazi zake watalikanusha jioni hiyohiyo, ama kwamba wapo na ni wabaya. Hakuna kauli kati ya hizo mbili inayompa kijana njia ya kuishi na nyanya anayesemwa.

Kiswahili kimewahi kukaribia. Katika Adili na Nduguze (1952) Shaaban Robert aliwageuza Hasidi na Mwivu kuwa manyani kwa uwezo wa jini Huria, na Adili, ndugu yao, akalazimika kuwacharaza kila usiku na kisha kula nao. Hapo pana uchawi, pana ukoo, na pana kichekesho kizito ambacho adabu ya lugha ya Shaaban haikifichi. Tunashangaa ni mara ngapi kitabu hicho kimefundishwa kama waadhi mtupu. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alimpa Bwana Msa kiko na mantiki, akamfanya achunguze mauaji yaliyotokea mahali pa mizimu. Kicheko cha riwaya hiyo ni cha mtu mwenye akili anayewatazama wenye hofu. Kwa Kiingereza, Barbara Kimenye aliwapa watoto wa Afrika Mashariki visa vya Moses kuanzia mwishoni mwa miaka ya sitini, vitabu vya shule ya bweni visivyo na haya ya kuchekesha. Naye Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Mũrogi wa Kagogo, iliyoanza kutolewa kwa Kikikuyu mwaka 2004, alimfanya kijana asiye na kazi ajidai kuwa mchawi ili kuwakimbiza polisi, kisha polisi wakarudi kwake kama wateja. Tashtiti hiyo ni ya watu wazima na shabaha yake ni dola. Lakini inathibitisha kwamba mũrogi, ndugu wa mlozi na wa omulosi, anaweza kubeba riwaya nzima ya kuchekesha katika lugha ya Kiafrika. Mwandishi alilitumia neno la kwao lililokuwa na ncha zake zote.

Tukirudi Bungoma, vipengele vya riwaya tunayoizungumzia vimekwisha kukusanywa na wasimulizi wasio na jina. Msimulizi lazima awe mjukuu, kwa kuwa ndiye mwenye ruhusa ya utani. Likizo ya Agosti, mwezi ambao kila mwaka wenye namba shufwa Wabukusu huwatahiri wavulana wao na usiku hujaa nyimbo na watu njiani, inampa sababu ya kuwa kwa nyanya na inampa kukhu kisingizio cha kuonekana nje saa nane za usiku. Posa ya shangazi, na wazee wanaokuja kuuliza maswali ya mzunguko kuhusu ukoo, inaleta hatari ya kweli, kwa sababu siri ikitoka ndoa itavunjika. Lugha ya mazungumzo ingekuwa Kiswahili cha Kitale chenye Lubukusu ndani yake, na mtunzi angekuwa na hiari ya kuandika omubini tu, bila tafsiri, kama Walibora alivyowazoeza wasomaji wa bara maneno ya pwani bila kuwaomba radhi.

Na yupo mhusika mmoja ambaye mizaha ya sehemu hii humtaja kwa sentensi moja na kumwacha. Inasemekana kwamba anayekimbia usiku huwa na mwenzi anayejua, na kwamba mwenzi huyo hulazimika kubaki macho, akiuangalia moto usizimike mpaka mwenzake arudi. Wasimulizi humfuata anayekimbia. Babu aliyeketi jikoni, akiongeza ukuni na kuitazama kanga ya mkewe iliyotundikwa mlangoni, bado hajaandikwa.